Kikaushio cha Watu Wawili

Simu ya kuwaambia kwamba kikaushio chao kimechaguliwa ilipokelewa na Yuster, na yeye ndiye aliyefurahi kwanza. Mumewe, Kyaruzi, alikuwa karakanani nyuma ya nyumba, miwani ya kuchomelea usoni, grenda ikilia juu ya chuma kiasi kwamba asingesikia hata kama angeitwa na mtaa mzima wa Muleba. Yuster alikimbia na simu mkononi, akaacha ndizi za ebitoke zikichemka bila mtu wa kuziangalia, akamshika bega. Kyaruzi alipozima grenda na kusikia habari, alikaa juu ya tangi la maji akacheka peke yake kwa muda.

Serikali ilikuwa inaandaa sheria mpya ya kusaidia utafiti wa viwandani na ubunifu wa teknolojia. Kabla muswada haujapelekwa bungeni, watu wa Kagera wangekusanywa katika ukumbi mmoja mjini Bukoba, wasomewe rasimu na kutoa maoni. Siku hiyo zingeonyeshwa pia mashine chache zilizotengenezwa mkoani, ili wanaoandika sheria wawaone wale wanaoandikiwa. Kikaushio cha dagaa cha Muleba kilikuwa kimojawapo.

Kilikuwa sanduku la bati lililompita mtu kimo, lenye trei za wavu zilizopangwa moja juu ya nyingine na jiko chini yake. Kule visiwani, Bumbire na Goziba, dagaa huanikwa juani, na mvua ikishika, huoza palepale mchangani. Wanaookolewa huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Yuster aliyajua hayo kwa macho yake, kwa kuwa kabla ya kuolewa alianika dagaa Goziba pamoja na shangazi yake, na aliwahi kuwaona wanawake wakiyarudisha ziwani kwa koleo mavuno yaliyoharibika.

Kikaushio cha kwanza alikijenga mwenyewe kwa udongo na mabati chakavu kando ya jiko lake. Moshi aliupitisha ndani ya bomba hadi nje, ili dagaa waguswe na hewa ya moto tu, wabaki weupe na wasinuke moshi. Kyaruzi alikicheka kile kijumba. Baadaye aliacha kucheka, akachukua futi na kukipima. Alikitengeneza kwa chuma, kikaunguza dagaa. Wakagombana, akakata tena, akachomelea tena, Yuster akiwa amesimama pembeni akionja dagaa wa kila trei na kutema wale wabichi. Mwisho kilikubali.

Kwa hiyo siku ya kukipakia kwenye pikapu ya Mugisha, mdogo wake Kyaruzi, Yuster alivaa gauni lake la kanisani. Hakuna aliyemwambia asivae.

*

Mlangoni pa ukumbi aliwapokea afisa mmoja kijana, Bwana Hafidhi, mtu mpole aliyekuwa na shughuli nyingi. Alimvisha Kyaruzi kitambulisho chenye neno MBUNIFU kwa herufi kubwa. Yuster alinyoosha shingo kidogo, akisubiri chake.

"Mama, wewe ni mgeni wa mbunifu?" Hafidhi aliuliza.

Kyaruzi alikuwa ameshageuka kumwelekeza Mugisha namna ya kuliteremsha sanduku. Yuster alijibu kwamba yeye ni mke wake. Hafidhi akamwambia kwa heshima zote kwamba wake wa wabunifu wamepangiwa viti vya nyuma, na kama hatajali, akina mama wanaoandaa chai wangeshukuru kupata mtu wa kuwasaidia. Yuster hakwenda kwenye chai. Alikaa nyuma, na hapo akajiunga naye binti yake Nancy, mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, aliyeomba ruhusa kazini aje kumwona baba yake akizungumza.

Zamu ya Kyaruzi ilipofika, alizungumza vizuri kuliko Yuster alivyotegemea. Hakuwa na woga. Alifungua mlango wa sanduku, akavuta trei, akaeleza kwa nini ya chini inahamishiwa juu dagaa wakishaanza kukakamaa, na kwa nini bomba limepindishwa mara mbili kabla ya kutoka nje. Mtafiti mmoja alimuuliza kama kuongeza kuni kungeharakisha kazi.

"Hapana," Kyaruzi alijibu. "Dagaa hakaushwi na moto. Dagaa hukaushwa na upepo. Kazi ya moto ni kuusukuma huo upepo, basi."

Ukumbi ulipiga makofi. Mtafiti akainamisha kichwa kwa kuridhika na kuandika. Nancy naye alipiga makofi, kisha akaona mikono ya mama yake imetulia mapajani. Maneno yale Yuster aliyasema jikoni, siku Kyaruzi alipojaza kuni hadi dagaa wakawa mkaa. Aliyasema kwa hasira, hivyohivyo yalivyo. Sasa yalikuwa yametoka mbele ya watu, hayakukosewa hata moja, na yalikuwa na sauti ya mwanamume.

Wakati wa chakula, maboksi ya wali na soda yaligawiwa kwa wenye vitambulisho. Kyaruzi alikuja nyuma na boksi lake akataka wagawane. Yuster alimwambia ale tu, yeye hana njaa. Aliiona furaha usoni mwa mumewe, furaha safi ya mtu asiyejua kwamba amechukua kitu, na jambo hilo lilimuuma kuliko kama angekuwa amefanya makusudi.

Baada ya chakula rasimu ikasomwa. Kulikuwa na mfuko wa kuwawezesha wenye karakana ndogo kufanya majaribio, na utaratibu wa vyuo kuwapimia mashine zao bila malipo. Watu walifurahi. Kisha msomaji akafika kifungu cha tisa, kilichosema kwamba mbunifu ni mtu aliyebuni na kutengeneza kifaa, na kwamba jina lake moja ndilo litakaloingizwa katika orodha ya taifa na kupewa haki zote zinazotokana na kifaa hicho.

Mwenyekiti wa kikao, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliuliza kama kuna maoni. Nancy alihisi kiti cha jirani kikisogea. Mama yake alikuwa amesimama.

"Naitwa Yuster, natoka Muleba," alisema alipoletewa kipaza sauti. "Hicho kifungu kinasema mbunifu ni yule aliyebuni na kutengeneza. Lakini kuna vitu anabuni mmoja, anatengeneza mwingine. Hapo katikati wanagombana, wanaharibu, wanaanza tena, mpaka hakuna anayejua kipi kimetoka kwa nani. Sheria ikitaka jina moja, litaandikwa la mwenye karakana. Naomba iseme mtu au watu."

Mtu fulani katikati ya ukumbi alicheka, akanyamaza alipoona hakuna anayemsaidia. Mwenyekiti aliandika kwa makini.

"Asante sana, mama. Una mfano, ili tuuweke kwenye taarifa?"

Kyaruzi alikuwa amesimama kando ya kikaushio, na kipaza sauti kingine kilikuwa palepale mezani, karibu na mkono wake. Yuster alimtazama. Alimsubiri kwa muda mrefu kiasi cha watu kuanza kugeuza shingo, wakitafuta anamtazama nani. Kyaruzi aliinama akaanza kurekebisha komeo la mlango wa sanduku, komeo ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Mfano upo, mheshimiwa," Yuster alisema. "Lakini si wangu peke yangu kuusema."

Akaketi.

*

Pikapu ilikuwa imeshapita Kemondo, njia ya kurudi Muleba. Mugisha, aliyekuwa akiendesha, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimwambia shemeji yake kwamba maneno kama yale yanasemwa nyumbani.

"Nyumbani nilishayasema, shemeji," Yuster alijibu. "Hayakusikika."

Walipofika na kukishusha kikaushio, Mugisha aliondoka bila hata kusubiri chai. Kyaruzi alikaa barazani, kitambulisho bado shingoni.

"Umenidhalilisha mbele za watu," alisema.

"Sikukutaja."

"Ndiyo hapo. Ungenitaja ningejibu. Umeniacha nimesimama kama mwizi ambaye hajaitwa jina."

Yuster alimuuliza kama alijiona mwizi. Kyaruzi akaanza kueleza, taratibu, kama mtu aliyekuwa ameyafikiria njia nzima. Hakukataa kwamba wazo lilikuwa la mkewe. Lakini wazo, alisema, kila mtu analo. Pale kilabuni kila mlevi ana wazo. Kigumu ni chuma. Ni yeye aliyeungua mikono, ni yeye aliyelirudia lile bomba mara kumi hadi likavuta moshi.

"Na kabla ya wazo hilo," Yuster aliuliza, "chuma chako kilikuwa kinatengeneza nini?"

"Madirisha."

"Haya basi."

Alijuta palepale. Madirisha yale ndiyo yaliyomsomesha Nancy hadi chuo cha ualimu, na wote wawili walilijua hilo. Kyaruzi alivua kitambulisho, akakiweka juu ya kiti, akaenda karakanani.

Habari zilifika mtaani kabla ya Jumapili. Baada ya ibada, mke wa Mugisha alimsalimia Yuster kwa kumpongeza kwamba siku hizi anahutubia. Bibi mmoja wa kwaya alimshika mkono akamwambia, "Waitu, mwenzetu, aibu ya mwanamume ni ya kufunikwa." Yuster aliitikia kwa adabu. Njiani alijiuliza jina lake kwenye orodha lingemfaa kitu gani. Lisingelipa ada ya mtu, wala lisingeleta mvua wala jua. Lakini kila alipojaribu kuliacha liende zake, aliwakumbuka wale wanawake wa Goziba na makoleo yao, akajua kwamba kama mmoja wao angepata njia ya kuzuia uozo ule, hakuna karatasi ya serikali ambayo ingemtaja.

*

Rozi, mfanyabiashara wa dagaa wa Bumbire, alikuwa ameagiza kikaushio kikubwa zaidi ya kile cha kwanza, na msimu wa mvua ulikuwa unakaribia. Kyaruzi aliamua kukitengeneza bila kumwita mkewe hata mara moja. Hakulitamka, lakini ilionekana. Mlango wa karakana, uliozoea kuwa wazi, sasa ulikuwa ukisindikwa.

Alikiweza. Hakikuunguza, hakikuacha wabichi. Alinunua dagaa wa majaribio mwenyewe, akawakausha, akawaonja trei kwa trei, wote sawa. Ilipaswa kuwa siku ya ushindi wake. Angeweza kwenda jikoni akamwekea Yuster kiganja kimoja cha dagaa mezani bila kusema neno, na ndivyo alivyokuwa amepanga.

Badala yake alikaa na kuwaza. Katika kazi nzima ile, kila alipofika mahali pa kuamua, alikuwa ameamua kwa maneno ya mkewe. Alipopima nafasi kati ya trei na trei, alisikia, waache wapumue. Alipotaka kupanua mdomo wa jiko, alisikia, unataka kupika au kukausha? Alitafuta ndani ya lile sanduku sehemu moja ambayo angeweza kuigusa na kusema hii ni yangu tupu. Akalifikia bomba, fahari yake. Hata bomba alilipindisha mara ya pili baada ya Yuster kuweka kiganja juu ya tundu na kumwambia kwamba joto linatoka bure. Alijaribu pia kutafuta sehemu ambayo ilikuwa ya Yuster tupu, asiipate. Hilo halikumfariji kama alivyotarajia.

Alikuwa bado amekaa pale simu ilipoita. Alikuwa Hafidhi, mwenye furaha. Kikaushio kilikuwa kimependwa. Kilikuwa kati ya mashine zilizochaguliwa kwenda Dodoma, zionyeshwe kwa wabunge wiki ya kujadili muswada, na kampuni za kutengeneza mashine nazo zingealikwa. Kilichobaki ni Kyaruzi kuthibitisha kwamba yeye ndiye mbunifu pekee, maana baada ya yale maoni ya mkewe kule ukumbini, wakubwa walitaka kujihakikishia kwamba hakuna mgogoro.

Kyaruzi aliuliza itakuwaje kama wako wawili. Hafidhi alivuta pumzi. Orodha ilikuwa imepangwa kwa jina moja moja, alisema. Kuibadilisha ni kuliondoa ombi lao la kuandikishwa na kulileta upya mwakani, na Dodoma haitasubiri. Akampa hadi kesho yake.

*

Yuster alikuwa akimenya ndizi. Kyaruzi aliketi kwenye kigoda mbele yake, akamweleza yote, hakupunguza kitu. Kisha akasema lililomleta.

"Niache niende hivi hivi mara hii. Tukishafika, tukishajulikana, nitaliingiza jina lako."

Yuster aliendelea kumenya.

"Unaniomba ruhusa?"

"Nakuomba unisaidie kuamua."

"Hilo silifanyi, Baba Nancy." Aliweka kisu chini. "Nikikuambia nenda, utasema nilikuruhusu. Nikikuambia usiende, maisha yote utasema nilikunyima Dodoma. Mara hii amua wewe, na mimi nitaishi nalo."

"Ungependa nifanye nini?"

"Unajua ninachopenda. Nilikisema mbele ya ukumbi mzima."

Kyaruzi alikaa pale hadi maganda yakajaa ungo. Aliwafikiria Mugisha na watu wa mtaani, ambao wangesema mke amemtawala. Alizifikiria zile kampuni, mikono ya wageni ikipapasa bati lake. Alijaribu pia kufikiria namna atakavyosimama mbele ya wabunge na kutamka yale maneno ya moto na upepo, akaona kwamba hataweza tena kuyasema kama alivyoyasema Bukoba, kwa moyo mweupe.

Alipiga simu akiwa palepale jikoni. Alimwambia Hafidhi kwamba mfano ambao mwenyekiti aliuomba ni yeye na mkewe, na kwamba kikaushio kina wabunifu wawili. Kama hakiwezi kwenda hivyo, basi wakiondoe kwenye orodha. Hafidhi alimuuliza kama amefikiri vizuri. Kyaruzi akasema ndiyo, ingawa sauti yake haikuwa ya mtu mwenye uhakika.

Yuster hakumshukuru. Alimwekea chai, akakaa karibu naye kuliko alivyokaa tangu siku ya ukumbini.

*

Kilichokwenda Dodoma badala yao kilikuwa kinu cha kukobolea kahawa, na mwenyewe alionekana kwenye taarifa ya habari akishikana mikono na wabunge. Kyaruzi aliitazama taarifa hiyo hadi mwisho, akatoka nje. Mugisha alikaa muda mrefu bila kuja, na alipokuja hakujitolea tena pikapu yake bure. Palikuwa na siku Kyaruzi alijuta waziwazi, akawa mkali kwa vitu vidogo, kwa chumvi, kwa mlango ulioachwa wazi. Yuster alimwacha ajute. Alijua kwamba mtu anaweza kufanya jambo la haki na bado likamgharimu, na kwamba kumwambia asihuzunike kungekuwa kumnyang'anya kitu kingine tena.

Muswada ulipita. Nancy alikuja Muleba na nakala, akawasomea barazani. Mfuko ulikuwemo, upimaji wa bure ulikuwemo, na kifungu cha tisa sasa kilisema mtu mmoja au zaidi. Yuster aliomba kisomwe tena. Nancy alimweleza kwamba mikoani watu wengi walikuwa wametoa maoni ya aina hiyo, hivyo hakuna ajuaye ni maneno ya nani yaliyobadilisha. Yuster akasema haidhuru. Ombi lao lilipelekwa upya likiwa na majina mawili. Fedha za mfuko zilikuwa bado hazijafika Muleba, na hakuna aliyewaambia zitafika lini.

Kikaushio cha Rozi hakikuweza kusubiri yote hayo. Walikivusha kwenda Bumbire kwa boti ya mizigo, kimefungwa kamba katikati ya magunia na makreti, na mvua ikawapokea mwaloni, ufukweni wanapotia nanga wavuvi. Wanawake walikuwa wameanza kuwafunika dagaa wao kwa turubai, nyuso zao zikiwa na ule uchovu ambao Yuster aliutambua bila kuambiwa. Rozi aliwaita waache, waje na ndoo zao. Walikuja wakakizingira kile chombo kwa mashaka, na mmoja akauliza fundi ni yupi kati ya hawa.

Hakujibiwa, kwa sababu Kyaruzi na Yuster walikuwa wameshaanza kubishana. Kyaruzi alitaka mdomo wa jiko uelekee ziwani, upate hewa. Yuster alisema upepo wa pale hubadilika mchana na utaurudisha moshi wote ndani. Kyaruzi akasema bomba lake haliwezi kurudisha moshi. Yuster akasema bomba lao, na tena yeye ameishi visiwani, bomba haliishi visiwani. Kyaruzi akalowesha kidole mdomoni, akakiinua juu kwenye mvua, jambo lililowafanya wanawake wacheke, na yeye mwenyewe akacheka, lakini hakukubali. Yuster naye hakukubali. Walilizunguka sanduku, huyu akielekeza huku, yule akielekeza kule, wakilowana.

Rozi alitaka kuingilia kati. Yule mwanamke aliyeuliza fundi ni yupi akamvuta nguo, akamwambia awaache. Kisha akageuza ndoo yake tupu, akaketi juu yake, na wenzake nao wakageuza zao wakaketi, wakawasubiri wamalize.